Nani Analipwa Kuuchunguza Umaskini wa Kyela?

Wilaya ya Kyela haijawahi kupungukiwa na watafiti. Kwa miaka tisini sasa wamekuwa wakiteremka kutoka milima ya Rungwe kuelekea tambarare ya Ziwa Nyasa, kwanza wakiwa na madaftari, baadaye na vinasa sauti, na siku hizi na vishikwambi. Wamehesabu ng'ombe wa mahari, wamepima mashamba, wamechukua damu za watu, wameuliza kila kaya inakula milo mingapi kwa siku. Kilichokosekana muda wote huo ni fedha ya utafiti inayotoka Kyela, inayowajibika kwa watu wa Kyela, na inayomwacha kijana wa Ipinda au wa Matema akiwa na ujuzi ambao hakuwa nao kabla mgeni hajafika.

Hoja yangu katika makala haya ni moja, nami nitaieleza bila kuizungusha. Anayelipia swali ndiye anayelichagua swali. Taifa lisilolipia maswali kuhusu maskini wake halina haki ya kushangaa majibu yanapokuja kwa lugha ya watu wengine, kwa ratiba ya watu wengine, au yasipokuja kabisa.

Tuanze na mwaka 1934. Mwaka huo Godfrey Wilson, kijana wa Kiingereza, alifika katika nchi ya Wanyakyusa, ambayo wakati huo, pamoja na tambarare yote ya Kyela, ilikuwa chini ya wilaya ya Rungwe. Mwaka uliofuata alimwoa Monica Hunter, mwanaanthropolojia aliyezaliwa Afrika Kusini, na wakaendelea na kazi hiyo pamoja hadi mwaka 1938. Fedha zao zilitoka Marekani, katika Mfuko wa Rockefeller, zikipitia taasisi iliyokuwa na makao London. Mwaka 1938 Godfrey akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone huko Rhodesia ya Kaskazini. Monica, baada ya kifo cha mumewe mwaka 1944, aliandika vitabu vinne vikubwa juu ya Wanyakyusa, cha kwanza mwaka 1951 na cha mwisho mwaka 1977, na akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Nyaraka za utafiti wao zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo hicho. Mnyakyusa anayetaka kusoma maelezo waliyoyatoa babu zake kuhusu ardhi, mahari na mazishi anapaswa kufikiria safari ya Cape Town.

Pembeni mwa kazi hiyo alikuwapo Leonard Mwaisumo, karani Mnyakyusa aliyezaliwa mwaka 1910. Yeye ndiye aliyewaandikia akina Wilson, aliyewatafsiria na aliyewakusanyia maelezo mengi kwa lugha ya wenyeji. Alifariki mwaka 1938, hajatimiza miaka thelathini. Ilipofika mwaka 2013, miaka 75 baada ya kifo chake, ndipo kilipotoka kitabu cha kitaaluma kilichompa sura nzima na kuitazama kazi yake kama kazi ya utafiti. Sisemi haya kuwabeza akina Wilson. Vitabu vyao ni hazina, na bila wao mengi yangekwisha kusahaulika. Nasema tu kwamba mgawanyo ulikuwa wazi tangu mwanzo: fedha ilimwajiri mmoja kuwa mtafiti na mwingine kuwa msaidizi, na kwa muda mrefu historia ikafuata mkono wa fedha.

Mgawanyo huo haukuondoka na wakoloni. Katika miaka ya 1950 P. H. Gulliver alichunguza umilikaji wa ardhi na uhamaji wa vijana waliokwenda kutafuta kazi migodini, na kitabu chake juu ya ardhi ya Wanyakyusa kikachapishwa Kampala mwaka 1958 na Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Jamii. Katika karne hii watafiti wa afya walifuatilia maelfu ya watu katika maeneo tisa ya mkoa wa Mbeya, Kyela ikiwamo, kati ya mwaka 2006 na 2011. Utafiti huo ulionyesha kuwa mtu mwenye minyoo ya matende alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa Virusi vya UKIMWI, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2016. Ni kazi ya kujivunia. Lakini tazameni tofauti iliyopo. Utafiti wa afya una nyumba mkoani Mbeya, kwa kuwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo huko. Utafiti wa kilimo una nyumba Uyole. Utafiti wa umaskini hauna nyumba. Una nyumba za wageni tu, ambamo mtafiti hulala wiki mbili kisha akaondoka.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika biashara hii ya utafiti mgeni huja, na mwenyeji hulipwa posho ya siku.

Anayelipwa posho hiyo ndiye ninayemzungumzia leo. Katika lugha ya kitakwimu anaitwa mdadisi. Mara nyingi ni kijana aliyemaliza shahada ya kwanza na hana ajira, au mwalimu wa kujitolea, au binti wa mtendaji wa kijiji. Anafundishwa siku tatu namna ya kujaza dodoso. Ndiye anayejua kwamba Kajunjumele mvua zikikolea huwezi kufika kwa pikipiki, ndiye anayejua ni nani anayesema ana ekari tatu ilhali mbili amezikodisha kwa jirani, ndiye anayeelewa kwa nini mama fulani amenyamaza baada ya kuulizwa kuhusu mali ya marehemu mumewe. Kazi ikiisha hukabidhi kishikwambi, husaini karatasi ya malipo, na hasikii tena habari ya takwimu alizozikusanya. Hajafundishwa kuzichambua. Jina lake halimo katika ripoti, na ripoti yenyewe haipo katika lugha anayoweza kumsomea mama yake. Mwaka unaofuata unakuja mradi mwingine, naye anafundishwa siku tatu zilezile.

Nimewasimamia wanafunzi wa uzamili waliopitia kazi hiyo. Wana macho makali kuliko wengi wetu tunaowafundisha. Wakikaa mezani kuandika andiko la kuomba fedha, macho hayo hufumba. Huacha swali walilolibeba kutoka kijijini na kuanza kutafuta maneno yaliyomo katika tangazo la mfadhili, kwa sababu wamekwisha kujifunza kwamba swali la kijijini halina mfuko.

Msomaji ataniuliza: je, hakuna fursa? Zipo, na ni haki kuzitaja kwa majina. CODESRIA, iliyoanzishwa Dakar mwaka 1973, imewasaidia vijana wengi wa sayansi za jamii kwa ruzuku ndogo za tasnifu na kwa warsha za mbinu za utafiti. OSSREA ya Addis Ababa, tangu mwaka 1980, imefanya hivyo kwa Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Muungano wa Utafiti wa Uchumi wa Afrika, AERC, wenye makao Nairobi tangu mwaka 1988, umewalea wachumi kwa programu za uzamili na uzamivu. CARTA inafadhili shahada za uzamivu katika afya ya jamii na idadi ya watu, na miongoni mwa washirika wake ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Afya ya Ifakara. Chuo Kikuu cha Cape Town kinaongoza kituo cha umahiri cha utafiti wa ukosefu wa usawa barani Afrika, chenye matawi Ghana na Kenya. Hapa nyumbani REPOA ilizaliwa katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa serikali ya Uholanzi, kwa kusudi hasa la kutoa ruzuku na mafunzo kwa Watanzania wanaochunguza umaskini. Kizazi kizima cha watafiti walioandika katika miaka ya MKUKUTA kilipitia milango yake. Na ipo Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, yenye mfuko wake wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE.

Orodha hiyo inapendeza machoni. Lakini mchukueni yule mdadisi wa Kyela, mpeni orodha hiyo, kisha mtazameni anavyotoka kapa. AERC inataka mchumi, naye alisoma maendeleo ya jamii. CARTA inataka mwajiriwa wa taasisi shirikishi, naye hana mwajiri. Ruzuku ya tasnifu inamtaka awe tayari amesajiliwa kwa uzamivu, naye ada ya uzamili imemshinda. Matangazo yote ni ya Kiingereza. Mengi yanataka barua ya taasisi inayotambulika na uthibitisho wa machapisho yaliyotangulia. Kila sharti lina sababu yake likisimama peke yake. Yakijumlishwa, yanaunda ngazi isiyo na vidato vya chini: anayeweza kuipanda ni yule tu aliyekwisha kufika juu kwa njia nyingine. Ndivyo utafiti wa ukosefu wa usawa unavyoendeshwa kwa ukosefu wa usawa, na hakuna anayeona haya.

Sasa hata mfereji huo unakauka. Mwaka 2021 Uingereza ilipunguza misaada yake kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato la taifa, na miradi ya utafiti iliyokuwa imeanza ikakatwa njiani. Mwaka 2023 Sweden, nchi iliyosomesha wahadhiri wa vyuo vyetu kwa miongo kadhaa, ilifuta ruzuku za utafiti wa maendeleo zilizotolewa na Baraza lake la Utafiti. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya USAID, na pamoja nayo ukavunjwa mpango ule uliowezesha tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu, ambao hapa kwetu tunaukumbuka tangu utafiti wa mwaka 1991/92 hadi ule wa mwaka 2022. Kwa amri iliyotolewa Washington, nchi nyingi zikajikuta hazijui zitahesabuje vifo vya watoto wao.

Niliposoma maombolezo ya wanataaluma wenzangu juu ya habari hizo, nilihuzunika nao, kisha nikauliza: kwa nini ilikuwa rahisi hivyo kuuzima? Jibu ni chungu. Uliweza kuzimwa ng'ambo kwa sababu ulikuwa umewashwa ng'ambo. Mwaka 2007, huko Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walihimizana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Lengo hilo lilikuwa limekwisha kutajwa katika Mpango wa Lagos wa mwaka 1980. Nchi yetu nayo ikaahidi. Ahadi hiyo haijatimizwa hadi leo. Na hata kile kidogo kinachotengwa, sayansi za jamii hukipata baada ya wengine kushiba, kana kwamba umaskini ni jambo linalojulikana lenyewe na halihitaji kuchunguzwa.

Je, linajulikana? Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya ulituambia kwamba umaskini wa mahitaji ya msingi ulikuwa asilimia 28.2 mwaka 2011/12 na asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Sina ugomvi na waliofanya hesabu hizo. Lakini sampuli ya mwaka 2017/18 ilipangwa ili kutoa picha ya mkoa. Mkoa wa Mbeya una jiji lenye soko la Mwanjelwa, una migomba na mashamba ya chai ya Rungwe, una bonde la Usangu, na una Kyela ambako mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe humwaga maji yake ziwani na mara kwa mara humwaga ndani ya nyumba za watu. Wastani wa mkoa kama huo ni sawa na kumpima joto mtu aliyetia mguu mmoja motoni na mwingine ndani ya barafu, kisha kutangaza kwamba hali yake ni nzuri.

Kyela ina maswali yake yenyewe. Bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, kwa mara ya kwanza katika historia, kisha ikaanza kushuka mwaka 2025. Katika kupanda huko na kushuka huko, ni nani aliyenufaika: mwenye miti, aliyekodi miti, au aliyemkopesha mkulima fedha za ada ya shule na kuchukua kakao ingali mtini? Stakabadhi ghalani inamlinda mwenye gunia. Inamlindaje asiyeweza kungoja mnada? Mwanamke anayepalilia, anayevuna na anayeanika, jina lake limo katika daftari la chama cha msingi au limo la mumewe? Mchele wa Kyela unasifiwa hadi Dar es Salaam. Sehemu gani ya sifa hiyo hurudi kwa aliyeuza mpunga wake shambani kwa ujazo wa lumbesa? Kule Matema, wanawake wa Kikisi wanaofinyanga vyungu na kuvileta kwa mitumbwi katika soko la Lyulilo wanapata nini baada ya nauli? Na Songwe inapobadili mkondo na kuhamisha shamba la mtu, ni nani anayeandika hasara yake? Maswali haya hayajibiwi na mgeni wa wiki mbili. Yanahitaji mtu atakayerudi kwa kaya zilezile, msimu baada ya msimu, kwa miaka kumi.

Hapa naomba msomaji anifuate mbali kidogo, hadi mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, kwa sababu huko kuna mfano unaotuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1899 Benjamin Seebohm Rowntree aliamua kujua umaskini wa mji wake mwenyewe. Hakungoja serikali ya London. Wadadisi wake walipita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya wafanyakazi, wakazifikia familia 11,560 zenye watu 46,754. Kitabu chake cha mwaka 1901 kilionyesha kwamba asilimia 27.84 ya watu wote wa York waliishi katika umaskini, na kwamba baadhi yao hawakuwa wavivu wala walevi, bali ujira wao haukutosha hata wangeutumia kwa uangalifu wa namna gani. Kitabu hicho kilibadili mjadala wa nchi nzima. Rowntree alirudia uchunguzi wake miaka ya 1930, na tena mwaka 1950. Mwaka 1904 baba yake, Joseph, alikuwa ameanzisha mifuko ambayo mrithi wake mmoja, Wakfu wa Joseph Rowntree, hadi leo unalipia tafiti na kutoa kila mwaka taarifa ya hali ya umaskini nchini Uingereza.

Familia hiyo ilipata wapi fedha? Katika kakao. Rowntree walikuwa watengenezaji wa kakao na chokoleti.

Litafakari hilo, ndugu msomaji. Kwa zaidi ya miaka mia moja zao la kakao limelipia utafiti wa umaskini katika mji ambao hauwezi kuotesha hata mche mmoja wa kakao. Wala fedha hiyo haikuwa safi yote: kampuni za Cadbury, Fry na Rowntree zilinunua kakao ya kisiwa cha São Tomé, iliyolimwa kwa kazi ya shuruti, hadi ziliposusia mwaka 1909. Mwafrika aliyeilima hakuchunguzwa umaskini wake kwa bidii aliyochunguzwa fundi wa York. Na sisi, ambao Kyela yetu inaongoza nchini kwa zao hilo, hatujawahi kutenga thamani ya gunia moja ili kujua hali ya anayelivuna.

Basi pendekezo langu ni hili. Tangu mabadiliko ya mwaka 2017, halmashauri hutoza ushuru wa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Katika kila shilingi 100 za ushuru huo, Halmashauri ya Wilaya ya Kyela itenge shilingi 2 kwa mfuko wa utafiti wa hali ya maisha. Kakao ya shilingi milioni moja hutoa ushuru wa shilingi 30,000. Sehemu ya mfuko ingekuwa shilingi 600. Mkulima haongezewi hata senti. Serikali Kuu, kupitia MTUSATE, iweke shilingi moja kwa kila shilingi inayowekwa na wilaya, na ifanye hivyo kwa wilaya yoyote itakayothubutu, Kyela au Ludewa, Nyasa au Mbinga.

Fedha hizo zitumike kwa mambo matatu. La kwanza, kuwasomesha kila mwaka vijana wawili au watatu waliokwisha kufanya kazi ya udadisi, kwa shahada ya uzamili katika mojawapo ya vyuo vilivyopo mkoani Mbeya, wakiwa na sharti moja tu: tasnifu zao zitokane na maswali ya wilaya. La pili, kuzifuatilia kaya zilezile mwaka hadi mwaka, kaya za ziwani, za mpunga na za kakao, na takwimu zake zibaki wilayani na ziwe wazi kwa kila msomi anayezihitaji, wa ndani na wa nje. La tatu, kila ripoti iandikwe kwanza kwa Kiswahili na isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kilichohojiwa, kabla haijapelekwa katika ukumbi wowote wa hoteli.

COSTECH nayo isaidie kwa kalamu tu, bila fedha. Inapotoa kibali kwa mtafiti wa kigeni, imtake aonyeshe ni mdadisi gani atamfundisha kuchambua takwimu, ni nani atakayeandika jina lake pamoja naye, na ripoti ya Kiswahili itakabidhiwa kwa nani. Hili si jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1980 Marjorie Mbilinyi, akiandika maisha ya Rebeka Kalindile, mkulima wa Rungwe, alijiuliza hadharani simulizi hiyo ni ya nani na kazi ya kuizalisha igawanywe vipi kati ya msimulizi na mwandishi. Swali lililoulizwa na mwanazuoni mmoja kwa dhamiri yake linaweza kuwa sharti la nchi.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza itasema: zahanati haina dawa, wewe unataka fedha za utafiti. Nami najibu kwa mfano wa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 ilisimamishwa nchi nzima kwa sababu ya udhaifu katika utoaji na urejeshaji wake, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mabilioni yalikuwa yamekwisha kutoka. Wilaya iliyokuwa na kijana mmoja aliyefundishwa vizuri, akifuatilia vikundi hamsini kwa mwaka, ingejua mapema kipi ni kikundi na kipi ni majina kwenye karatasi. Ujinga nao una gharama, ila gharama yake haiandikwi katika kitabu cha bajeti.

Ya pili itasema kwamba mtafiti mwenyeji atapendelea ndugu zake. Upendeleo hauchagui kabila wala pasipoti. Dawa yake ni mbinu nzuri, takwimu zilizo wazi na mtu mwingine wa kuzikagua. Rowntree alikuwa mzaliwa wa York, mwajiri wa York, na alihesabu maskini wa York wakiwamo majirani wa kiwanda cha baba yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ya tatu ndiyo nzito, nami naiheshimu: halmashauri itakayolipia utafiti itataka pia kuunyamazisha. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2018 sheria ya takwimu ilirekebishwa kwa namna iliyomtia hatiani anayechapisha takwimu zinazopingana na za serikali bila idhini, na ilichukua hadi Juni 2019 kifungu hicho kulegezwa. Kwa hiyo mfuko usikae mikononi mwa mkurugenzi wa halmashauri. Usimamiwe na bodi yenye wawakilishi wa vyama vya ushirika, wa wavuvi, wa walimu na wa vyuo, na ripoti iwe mali ya umma siku ileile inaposomwa kijijini. Hata hivyo, wanaoleta pingamizi hili wasisahau kwamba mfadhili wa mbali naye hunyamazisha, tena bila kelele. Hulikataa swali kabla halijaulizwa, nasi huita kukataliwa huko ushindani.

Kwa wahadhiri wenzangu nina neno moja. Tumezoea kuwahimiza wanafunzi wachangamkie fursa, kana kwamba kasoro yote iko katika uzembe wao. Tuwaambie ukweli: fursa nyingi zilibuniwa kwa ajili ya mtu mwingine, na wajibu wetu ni kubuni nyingine. Tunaokaa katika kamati za utafiti tuanze kwa kukubali maandiko ya Kiswahili. Tunaoongoza miradi tuwaandike wadadisi katika bajeti kama wanafunzi wa utafiti wenye haki ya kufundishwa, tuache kuwaweka katika fungu moja na mafuta ya gari.

Na kwa madiwani wa Kyela: vikao vya bajeti vitafanyika kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza mwezi Julai. Itakapofika zamu ya kujadili ushuru wa mazao, diwani mmoja tu, awe wa Ikolo, wa Ngonga au wa Matema, asimame aulize: katika fedha hizi tulizozipata kwa jasho la wakulima wetu, ni kiasi gani tumekitenga ili tujue wanaishije? Jibu la mwaka huu litakuwa sifuri. Naomba liandikwe katika muhtasari wa kikao, ili mwaka ujao pawe na mahali pa kuanzia.